Usiwafundishe fangasi kuikwepa dawa

 

Leo katika safu yetu ya afya na tohara tutazungumzia fangasi. Ukilitaja neno hili kwetu Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, au pale Mpanda mjini, wengi hufikiria vidole vya miguu vinavyowasha au mapunye ya watoto wa madrasa. Ni kweli, hao ni fangasi. Lakini wapo fangasi wengine wanaoingia ndani ya mwili mpaka kwenye ubongo, na kila mwaka wanaua watu wengi barani Afrika. La kusikitisha zaidi ni kwamba sisi wenyewe, kwa namna tunavyotumia dawa, tunawazoesha fangasi hawa kuishi nayo.

Tuchukulie mfano huu. Mama wa nyumba fulani alipata fangasi ya ukeni. Alikwenda zahanati akapewa kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, akapona. Miezi michache baadaye mume wake akaona utando mweupe mdomoni, kama maziwa yaliyoganda, na chakula kikawa hakina ladha. Akakumbuka dawa ya mkewe. Akaenda duka la dawa, akanunua kidonge kimoja, akameza. Baada ya siku tatu akaona nafuu, akashukuru, akarudi shambani. Wiki mbili baadaye utando ukarudi. Akanunua kingine. Ukarudi tena. Mara ya nne dawa haikufanya kitu.

Kisha kikaanza kichwa. Kilimuuma siku kumi mfululizo, akameza dawa za maumivu. Alipimwa malaria, hakuonekana nayo, lakini akanunua mseto hata hivyo. Alipoanza kutapika na kusema maneno yasiyoeleweka, jamaa wakasema amepatwa na jini, akaanza kusomewa. Alipofikishwa hospitali alikuwa hawatambui hata watoto wake.

Ndugu msomaji, mfano huu tumeutunga, lakini mambo ya namna hii hutokea. Tuuangalie hatua kwa hatua, tuone ni wapi palipokosewa.

FANGASI NI NINI?

Fangasi ni viumbe hai. Uyoga ni fangasi, ukungu juu ya mkate uliolala ni fangasi, na hamira tunayoumulia maandazi ni fangasi pia. Wanaotuhusu leo ni wale wa jamii ya hamira: viumbe vya chembe moja moja, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyozaliana kwa kuchipua.

Wawili ni muhimu kwetu. Wa kwanza anaitwa Kandida. Huyu anaishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya bila kuleta madhara, kwa kuwa kinga ya mwili inamdhibiti. Kinga ikishuka, au mtu akitumia antibiotiki muda mrefu, Kandida huongezeka na kuleta ule utando mweupe.

Wa pili anaitwa Kriptokokasi. Huyu anaishi kwenye udongo na hasa kwenye vinyesi vya njiwa. Binadamu humvuta kwa pumzi pamoja na vumbi. Mtu mwenye kinga nzuri kwa kawaida hadhuriki. Mtu ambaye kinga yake imeporomoka, hasa kwa sababu ya VVU, fangasi huyu hutoka kwenye mapafu, akaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Hapo huleta homa ya uti wa mgongo. Haambukizwi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mgonjwa.

Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2020 homa ya uti wa mgongo ya Kriptokokasi iliua takriban watu 112,000 duniani miongoni mwa wanaoishi na VVU, wengi wao wakiwa katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wa hatari zaidi. Kriptokokasi na Kandida wote wamo katika kundi la juu kabisa.

MAFUTA YANAYOMLINDA FANGASI

Kila chembe hai, iwe yako au ya fangasi, imezungukwa na utando mwembamba sana uliotengenezwa kwa mafuta na protini. Utando huu ndio mlango na ukuta wa chembe: unaruhusu vinavyotakiwa kuingia na kuzuia vya ndani visivuje.

Mafuta matupu ni laini mno kuwa ukuta. Fikiria nyumba ya udongo: bila fito udongo unamomonyoka. Katika chembe zetu sisi binadamu, fito hizo ni kolesteroli. Katika chembe za fangasi, fito hizo ni mafuta mengine yanayoitwa ergosteroli. Yanafanana, lakini si kitu kimoja. Tofauti hii ndogo ambayo Muumba ameiweka ndiyo inayotuwezesha kumpiga fangasi bila kumwangamiza mgonjwa.

Dawa nyingi za fangasi zinalenga ergosteroli hiyo, kila moja kwa njia yake.

Njia ya kwanza ni kuishambulia ergosteroli iliyokwisha kujengwa. Dawa za nistatini na amfoterisini B huing'ang'ania ergosteroli na kuuharibu ukuta mpaka vya ndani vinavuja na fangasi anakufa. Nistatini, ambayo mama wengi wanaifahamu kama dawa ya matone ya kinywa cha mtoto mchanga, ilitangazwa mwaka 1950 na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Waliipata kutokana na kijidudu kilichokuwa kwenye udongo wa shamba. Mapato yao ya dawa hiyo hawakuyachukua, waliyaelekeza kwenye utafiti wa sayansi. Amfoterisini B ni kali zaidi na hutolewa hospitali kwa njia ya mshipa. Kwa kuwa kolesteroli yetu inafanana na ergosteroli, dawa hii inaweza kuziumiza figo, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Njia ya pili ni kuzuia ergosteroli isitengenezwe. Ndani ya fangasi kuna vimeng'enya, yaani mafundi wa chembe, na kila fundi ana hatua yake ya kazi. Flukonazoli humkamata fundi mmojawapo na kumziba mikono. Fito mpya hazipatikani, ukuta unakuwa dhaifu, fangasi anashindwa kukua.

Hapa zingatia sana, ndugu msomaji. Flukonazoli kwa kawaida haiwaui fangasi wa jamii ya hamira moja kwa moja, inawazuia wasikue. Kazi ya kuwamaliza inafanywa na kinga ya mwili. Mtu ambaye kinga yake ni dhaifu hana wa kumsaidia kuikamilisha kazi hiyo. Akiacha dawa mapema, fangasi waliobaki huinuka tena.

FANGASI ANAVYOIKWEPA DAWA

Fangasi ana njia kadhaa za kujinusuru. Anaweza kubadilika umbo la yule fundi, ili dawa isimshike vizuri, kama ufunguo unaokataa kuingia kwenye kufuli lililobadilishwa. Anaweza kutengeneza mafundi wengi kuliko dawa inavyoweza kuwakamata. Anaweza kujenga pampu kwenye ukuta wake na kuitapika dawa nje kila inapoingia. Na wengine hubadili njia nzima ya kutengeneza mafuta, wakajengea ukuta kwa aina nyingine isiyoitegemea hatua ile iliyozibwa.

Haya hayafanywi na fangasi wote kwa pamoja. Katika mamilioni ya fangasi waliomo mwilini, wapo wachache ambao tayari wana uwezo huo. Ukimeza dawa kidogo kidogo, unawadhoofisha wale wanyonge na kuwaachia nafasi wale wagumu. Ni sawa na mkulima anayepalilia magugu laini na kuyaacha yenye mizizi mirefu. Msimu unaofuata shamba zima ni la magugu yenye mizizi mirefu.

Katika miaka ya 1990, kabla dawa za ARV hazijaenea, madaktari waliliona jambo hili waziwazi kwa wagonjwa wa UKIMWI waliotibiwa utando wa mdomo kwa flukonazoli mara kwa mara. Kandida yule yule aliyekuwa akipona alifika mahali hasikii dawa tena.

Baba wa mfano wetu alikosea hapa. Kidonge kimoja cha miligramu 150 ni dozi kamili kwa fangasi ya kawaida ya ukeni. Kwa fangasi ya mdomo na koo si dozi kamili. Huko daktari huandika dawa ya kila siku, kwa kawaida siku 7 hadi 14, na zaidi ikiwa imeshuka kwenye njia ya chakula. Dawa ni moja, lakini dozi ya mkeo si dozi yako.

TUJIFUNZE KWA WAGONJWA WA TANZANIA

Ushahidi wa jambo hili hauko ng'ambo tu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 20 hapa Tanzania, waliokuwa na VVU na homa ya uti wa mgongo ya Kriptokokasi. Baadhi yao walitibiwa kwa flukonazoli peke yake. Wengine walipewa flukonazoli pamoja na dawa nyingine iitwayo flusitosini, ambayo haishughuliki na mafuta ya ukuta, bali inavuruga namna fangasi anavyotengeneza protini na anavyonakili mbegu zake za urithi.

Watafiti walichukua maji ya uti wa mgongo na kuwahesabu fangasi waliomo. Walikuta kwamba kwa wagonjwa wote, kabla hata ya kumeza kidonge cha kwanza, tayari walikuwemo fangasi wachache wenye kuhimili flukonazoli. Kwa waliotumia flukonazoli peke yake, sehemu ya fangasi hao wagumu iliongezeka katika wiki mbili za mwanzo za matibabu. Kwa waliopewa dawa mbili pamoja, ilipofika siku ya 14 fangasi hao hawakuonekana tena.

Walipochunguza siri ya ugumu huo, walikuta jambo la ajabu. Maelekezo ya urithi ya fangasi yamepangwa kwenye mafungu yanayoitwa kromosomu. Wengi kati ya fangasi wale wagumu walikuwa na nakala mbili za kromosomu namba 1 badala ya moja. Na ndani ya kromosomu hiyo hiyo yamo maelekezo ya kumtengeneza yule fundi wa ergosteroli, pamoja na maelekezo ya kuitengeneza pampu ya kutapika dawa. Kwa kurudufu fungu moja tu, fangasi amepata mafundi zaidi na pampu zaidi kwa mkupuo mmoja.

Sasa unaelewa kwa nini madaktari wanasisitiza dawa zaidi ya moja. Anayeponyoka mlango wa mafuta anakutana na dawa ya pili kwenye mlango mwingine. Utafiti mkubwa uliohusisha Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wiki moja ya amfoterisini B pamoja na flusitosini ilipunguza vifo kuliko njia nyingine zilizolinganishwa. Na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta ili isiziumize sana figo, pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Hizi ni dawa za hospitali, chini ya daktari. Hakuna duka la dawa la mtaani linaloweza kukutibia ugonjwa huu.

DALILI ZA KUTOZIPUUZA

Kwa mtu mzima, utando mweupe mdomoni ni taarifa kuwa huenda kinga imeshuka. Usiishie kutibu mdomo. Nenda ukapime VVU, na sukari pia, kwani kisukari nacho hufungua mlango huu. Kupima ni bure katika vituo vya serikali, na majibu ni siri yako. Kama unasikia maumivu au chakula kinakwama unapomeza, fangasi ameshuka kooni, wahi haraka zaidi.

Kichwa kinachouma mfululizo kwa wiki moja au zaidi, chenye homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili, au mtu kuchanganyikiwa, ni dalili ya homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna malaria, mseto hautasaidia. Usisubiri gari la kesho. Mwahishe mgonjwa hospitali, na kutoka Kabungu hiyo ina maana ya kwenda Mpanda.

Kuhusu kusomewa, hatusemi watu waache dua. Kumuombea mgonjwa ni katika mafundisho yetu, na kutafuta tiba vilevile ni katika mafundisho yetu, kwa kuwa tumefundishwa kwamba kila maradhi yana dawa yake. Msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali, na msomeeni akiwa kitandani wodini. Kosa ni kumfungia ndani wiki mbili huku fangasi wakizaliana kichwani mwake.

Kuna jambo lingine linalowaua ndugu zetu: hofu ya kutolewa maji ya uti wa mgongo. Jamaa wengi hukataa wakidhani sindano hiyo inapoozesha au inaua. Ukweli ni kwamba sindano huchomwa kiunoni, chini ya mahali ambapo uti wenyewe unaishia. Bila maji hayo daktari hawezi kujua kwa uhakika anatibu nini. Zaidi ya hayo, fangasi huyu huziba njia za maji hayo, shinikizo likapanda ndani ya kichwa, na ndilo linaloleta maumivu makali na upofu. Kuyapunguza maji ni sehemu ya tiba, na mara nyingine hurudiwa mara kadhaa. Anayefariki baada ya kipimo mara nyingi ni yule aliyecheleweshwa mno.

Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, kipo kipimo cha damu kinachoweza kumgundua Kriptokokasi kabla hajafika kwenye ubongo. Muulize mhudumu wa kliniki yako. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukatolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kupima damu kwa namna hiyo, pamoja na kumtembelea mgonjwa kila wiki katika mwezi wa kwanza wa ARV, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Waliotembelea hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa. Ndugu zangu, kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Hapa tunaona pia kuwa ni kinga ya uhai wake. Mtembelee, muulize kama amemeza dawa, usimuulize aliupataje ugonjwa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Usinunue dawa ya fangasi ya kumeza bila kupimwa, na ukiandikiwa, imalize hata kama dalili zimeondoka. Usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Mama mjamzito asimeze flukonazoli bila idhini ya daktari, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Antibiotiki haziui fangasi. Zinawaua bakteria, na zikitumika ovyo zinamfungulia Kandida nafasi. Vilevile jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Mwasho unatulia kwa siku chache, lakini steroidi inalala juu ya kinga ya ngozi na fangasi wanasambaa chini kwa chini.

Mapunye ya watoto husababishwa na fangasi wa jamii nyingine, wanaoingia ndani ya nywele. Kupaka peke yake hakutoshi, mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya mganga. Madrasa zetu zihakikishe watoto hawabadilishani kofia, mitandio na vitana, na wembe wa kunyolea usitumike kwa kichwa zaidi ya kimoja.

Katika wudhu tunapitisha maji kati ya vidole vya miguu. Ukimaliza, pakaushe, kwani fangasi hupenda unyevu. Usivae soksi mbichi. Ndara za msikitini za kwendea chooni zioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Na kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani: flukonazoli kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, hivyo mwenye ugonjwa mwepesi anaweza kuimeza baada ya kufuturu, akishauriana na daktari. Mgonjwa mahututi ameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Asiache dozi kwa kuhofia funga, maana Allah (s.w.) hakututakia uzito.

Turudi kwa baba yetu wa mfano. Angeweza kuokolewa mara nne: angepimwa VVU alipoona utando wa kwanza, angemaliza dozi sahihi, angekwenda hospitali kichwa kilipofika wiki moja, na jamaa zake wangekubali haraka atolewe maji ya uti wa mgongo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji elimu kubwa. Fangasi hana akili, lakini ana subira. Kila dozi tunayoikatiza inampa muda anaouhitaji.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atupe afya itakayotusaidia katika ibada.